Kinu Ndani ya Bafle

Jean-Marie hakuwa mtu mbaya, na watu wa Songo, hapa Uvira, watakuambia hivyo hata leo ukiwauliza. Lakini wivu, jamani! Wivu ulimwingia yule mwanaume kama maji ya ziwa yalivyoingia nyumba za Kavimvira, polepole, chini ya mlango, na alipokuja kushtuka godoro lilikuwa limeshalowa.

Na usidhani ni wivu wa wale wanaume wanaopekua simu za wake zao. Simu ya mkewe, Jolie, ililala mezani wazi kila siku, hakuna jina la ajabu ndani yake. Jean-Marie alikuwa na wivu wa sikio. Ndiyo, sikio! Mkewe alikuwa na sikio ambalo mji mzima ulilitafuta, na yeye mwenye mke aliona kwamba nyumbani lile sikio linakuja limechoka, limekwisha kazi, halina haja naye.

Jolie alikuwa na tabia moja. Kitu anachokijali, atakisema mpaka uchoke. Muuza samaki akimletea mukeke uliolala, atamwambia ulilala wapi na ulilaliwa na nani. Mtu akiimba kwaya nusu sauti chini, atamfuata mpaka nje ya kanisa. Lakini kitu asichokijali, anasema "iko muzuri" na kuendelea na kazi yake. Ndiyo maana mtu wa nyumba ile akiambiwa "iko muzuri," alijua kwamba hakusikilizwa.

Walivyokutana ni hivi. Zamani, kabla Jean-Marie hajaanza kazi yake ya kupitisha mizigo ya wafanyabiashara mpakani, alikuwa anakodisha muziki wa harusi: bafle mbili, zile spika kubwa, ampli moja, na jenereta lenye kelele kuliko muziki wenyewe. Siku hiyo alikuwa kijijini Katogota, watu wanacheza, vumbi juu. Msichana mmoja akavuka uwanja, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Papa wa muziki, bafle yako ya kushoto iko inakohoa."

"Inakohoa namna gani? Si unaona batu banacheza?"

"Banacheza sababu ya pombe. Minye sikunywa. Inakohoa."

Jean-Marie akatega sikio. Kweli, ilikuwa inakohoa. Akazima muziki, wachezaji wakasimama, akafuata waya mpaka nyuma ya bafle, akakuta ncha imeoza, shaba imegeuka kijani. Kisu hakuwa nacho, hakuwahi kuwa na kisu maisha yake yote. Akatia waya mdomoni, akauma ganda la plastiki kwa meno ya mbele, akavuta, prrr! Shaba ikatoka inang'aa. Akaifunga, bafle ikapona pale pale. Jolie akaokota kile kiganda alichokitema, akakigeuza geuza, akacheka mpaka akashika mbavu.

Jean-Marie alikuwa na mwanya, ule mwanya wa kupendeza ambao mama yake aliusifia tangu angali mtoto. Basi kila akiuma waya, ganda linakatika pande zote isipokuwa pale penye mwanya, na hapo kinabaki kiulimi kidogo cha plastiki.

"Angalia," Jolie akamwambia. "Weye unasaini na meno."

Alimwoa. Wakahamia Songo, wakapata mtoto wao wa kike, Chance, na miaka ile ya kwanza kila jioni ilikuwa ni muziki na maneno. Jolie anasema hii inanguruma, Jean-Marie anasogeza waya. Jolie anasema sasa imekuwa nyembamba, Jean-Marie anauma waya mwingine. Majirani walimzoea kwa meno yake, wakawa wanamletea waya zao awamenyee, na yeye alifurahi kama mtoto.

Ikafika siku waya wa nyumbani ukafa kabisa, na Jean-Marie alikuwa na kazi nyingi mpakani. Akamtuma mkewe akanunue mwingine kwa Thierry. Ni yeye mwenyewe aliyemtuma, hilo tuliweke wazi mapema.

Thierry alikuwa amerudi kutoka Bujumbura na kufungua butiki ya vyombo vya muziki vya nyumbani, karibu na soko. Mtu mpole, asiyepandisha sauti, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya mvua. Jolie aliingia, akapewa waya, akaukwaruza kwa ukucha, akaurudisha. Akapewa wa pili, akaurudisha. Wa tatu akasema papo hapo, mbele ya wateja, kwamba ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Mwenye butiki mwingine angemfukuza. Thierry alimwekea kiti.

Kuanzia hapo, kila mzigo ukifika, Thierry alimwita. Na Jolie alikuwa na njia yake. Kwanza ukucha. Halafu sumaku aliyoitoa kwenye bafle iliyokufa: ikivuta waya, waya unarudi kwenye sanduku bila maneno. Halafu anaupinda pinda karibu na fishi, kile kichwa cha kuchomeka, asikie kama utakwaruza. Halafu anaulaza karibu na waya wa umeme asikie kama utaanza kunguruma. Ukipita hapo ndipo anaketi mbele ya bafle na kusikiliza.

Wimbo wake wa kupimia ulikuwa mmoja tu, kwenye flashi aliyoifunga na uzi shingoni: kwaya ya Katogota, ya zamani, iliyorekodiwa kanisani huko. Hakuwa anasikiliza kwaya. Alikuwa anatafuta kitu nyuma ya kwaya, mtu aliyekuwa akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, nje ya kanisa. Kwenye waya mbovu ni kishindo tu, du, du. Kwenye waya mzuri unasikia majani mabichi yanavyoushika mchi na kuuachia. Siku moja Thierry alileta waya mnene kama mkono wa mtoto, fishi zake zinang'aa dhahabu. Jolie akausikiliza, akausikiliza tena na ule mwembamba wa shaba ya kweli.

"Kinu ni kimoja," akasema. "Usidanganye batu na dhahabu, Thierry."

Thierry akacheka, akauweka ule mnene dirishani kwa urembo. Habari zikaenea. Watu wakawa wanaingia butiki wakiuliza kwanza, "Mama Chance ameusikiliza huu?" Akisema ndiyo, wanabeba.

Na Jean-Marie? Jean-Marie alirudi jioni kutoka mpakani, akakuta mke aliyeshasema maneno yake yote mchana. Akiwasha muziki, Jolie anachambua maharagwe. Akimuuliza bafle inasikika namna gani, anajibiwa, "Iko muzuri." Na akifungua mdomo kusema jambo lingine, basi ni "Thierry anasema hivi," "Thierry aliniuliza vile." Roho ilimuuma yule baba.

Alasiri moja alitoroka kazini mapema. Akanunua mandazi ili apate kisingizio cha kupita sokoni, akaenda kusimama nje ya butiki, kando ya pazia. Akachungulia. Jolie alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya bafle, macho amefumba, kichwa amekiinamisha upande, na anatabasamu. Tabasamu gani lile! Jean-Marie hakumbuki lini aliliona mara ya mwisho nyumbani kwake. Thierry alikuwa amesimama nyuma, amempa mgongo, anatazama ukuta kama mtu aliye kanisani.

Angewakuta wameshikana mikono, angejua la kufanya. Jambo kama hilo lina kelele zake, lina ndugu wa kuitwa na wazee wa kukaa kikao. Lakini mwanamke aliyefumba macho na kutabasamu utamshtaki wapi? Jean-Marie aliondoka, akala mandazi yote njiani, na ukimuuliza yalikuwa na sukari ama hayakuwa nayo hajui.

Nyumbani alimsubiri mkewe sebuleni.

"Pale kwa Thierry, unatabasamu kwa nani?"

"Pale lini?"

"Leo. Macho umefumba, meno nje."

Jolie aliweka kikapu chini. "Kumbe ulikuya? Na ulisimama wapi?"

"Jibu kwanza."

"Nilikuwa ninasikiliza kinu."

"Kinu! Muntu muzima anatabasamu sababu ya kinu?"

"Ungeingia, na weye ungesikia."

"Minye siingii butiki ya muntu kusikiliza sombe!"

Jolie alimtazama. Halafu akasema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa wa kutisha, "Ni muda sasa haujaniuliza ninasikia nini, Papa Chance." Akabaki amesimama pale, anangoja. Alingoja kweli! Mlango ulikuwa wazi mbele ya huyu mwanaume, hakubakiwa na kazi isipokuwa kuuliza. Basi unajua alisema nini? Alisema, "Chakula kiko wapi?" Wanaume wengine wangefungiwa nje siku hiyo.

Sasa, kulikuwa na Mama Domitille, mama mzee aliyemsimamia Jolie ubatizo. Ndiye aliyeimbisha kwaya ya Katogota miaka yote ile, kabla hajahamia Songo kwa mwanawe. Miguu ilikuwa imemkataa. Hatoki kitandani, kanisa analisikia kwa mbali, na kilio chake kilikuwa kimoja tu, kwamba atakufa bila kusikia kwaya tena. Kwaya ya Songo ikaamua kumwekea muziki chumbani. Papa Gracien, rais wa kwaya, alilitangaza nje ya kanisa: bafle imepatikana, ampli imepatikana, waya atauchagua Mama Chance, na Jumapili ijayo baada ya misa wote tunaenda kumfungulia mama yetu.

Jolie alichagua kwa Thierry. Na jioni ile alikuja nyumbani amechangamka, akamwambia mumewe jambo lenyewe waziwazi, hakuwa na cha kuficha.

"Thierry anasema Jumapili ikipita muzuri, Uvira nzima itajua sikio langu. Anataka nikae pale butiki kila siku, tufanye kazi pamoja. Weye unaona namna gani?"

Kila siku. Jean-Marie hakusikia kitu kingine. Kila siku, kiti cha plastiki, macho yamefumba. Na kama Jumapili isingepita vizuri? Hilo swali lilimwingia kichwani likakataa kutoka. Thierry ndiye aliyeuza waya, alijiambia, aibu itakuwa ya Thierry. Jolie atarudi nyumbani amemkasirikia yule wa mashati ya pasi, na muziki utarudi sebuleni kama zamani. Alijiambia hivyo akajiamini. Mtu mwenye wivu anajidanganya kwa urahisi sana.

Jumamosi Jolie alienda mazoezini, akaacha waya mezani, umekunjwa vizuri, umeshapimwa kwa chumba cha Mama Domitille. Jean-Marie alikuwa peke yake. Akauchukua, ati autazame tu. Akautia mdomoni bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna. Akauma ganda karibu na ncha, akalivuta likateleza kama soksi, akachukua wembe akakata nyuzi za shaba, akabakiza chache za kudanganyia. Halafu akarudisha ganda mahali pake, akalibana kwa vidole. Akauchomeka kwenye bafle ya nyumbani, sauti ya chini: unaimba. Sauti ikipanda na bafle ikianza kutetemeka, zile chache hazitavumilia. Alipiga hata mluzi.

Jumapili chumba cha Mama Domitille kilijaa. Wanakwaya walikaa mpaka ukingoni mwa kitanda, wengine walisimama dirishani na sare zao. Jean-Marie ndiye aliyeibeba ile bafle kutoka barabarani, jasho linamtoka, na kina mama wakamsifu: angalieni mume! Thierry aliketi karibu na mlango. Jolie alifunga waya, akaukagua huku na kule, akaridhika. Kwa nini asingeridhika? Ulikuwa umelala nyumbani kwake.

"Nianze na wimbo gani, mama?"

"Ile ya Katogota," Mama Domitille akasema.

Jolie alitoa flashi shingoni. Kwaya ikaanza kuimba kwa sauti ya chini, na sauti moja ya mwanamke ikaja mbele kuwaongoza wengine. Mama Domitille aliitambua sauti yake mwenyewe. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali, na hakuna aliyethubutu kuyafuta. Halafu akainua kidole.

"Munasikia huko nyuma? Iko anatwanga."

"Nani huyo, mama?" Papa Gracien akauliza.

"Agathe! Mama yake na Jolie." Mama mzee alicheka na kulia pamoja. "Siku ile sauti yake ilikuwa imekauka. Nikamwambia, Agathe, usiimbe, utatuharibia, nenda utwangie batu sombe. Akaenda. Lakini kichwa ngumu! Akawa anatwanga kwa kufuata wimbo, makusudi, na minye nimekasirika huku ninaimba. Angalia sasa. Agathe hakuacha hata sauti moja ya kuimba hapa duniani. Aliacha kile kinu tu."

Agathe alikuwa amekufa kabla Jean-Marie hajafika Katogota na bafle zake. Alimjua mkwe wake kwa picha moja iliyopauka ukutani. Akamtazama mkewe. Jolie alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande, na anatabasamu. Tabasamu lile lile! Lile lile la kiti cha plastiki! Kumbe miezi yote hii mwanamke alikuwa anaenda kumsikiliza mama yake, na Thierry alikuwa anamgeuzia mgongo kwa heshima, na yeye Jean-Marie, mume wa ndoa, alikuwa hajui kwa sababu hakuuliza.

"Ongeza kidogo, mutoto wangu," Mama Domitille akasema. "Ongeza nimusikie muzuri."

Jean-Marie alifungua mdomo aseme acha. Akaufunga tena. Jolie akanyoosha mkono, akazungusha kitufe cha sauti. Kinu kikaja karibu, kikaja karibu zaidi, majani mabichi kabisa, mtu angeweza kusema ni hapo uani. Bafle ikatetemeka. Ikakohoa. Krrr, krrr, halafu kimya.

Mama Domitille alingoja. Alipoona kimya kinaendelea, akageuza kichwa kwenye mto.

"Agathe ameenda wapi? Mbona ameacha?"

Minong'ono ikaanza dirishani, kwanza chini chini. Ni waya wa Thierry. Lakini si Mama Chance aliusikiliza? Na Nicole, mwimbaji wa sauti ya pili, mwenye mdomo usio na mlango, akalisema lile ambalo lingebaki mjini kwa muda mrefu: "Alikuwa anasikiliza waya, ama alikuwa anasikiliza mwenye butiki?" Watu wawili watatu wakacheka. Thierry aliinama akatazama viatu vyake. Jean-Marie alilisikia neno hilo kwa mdomo wa mtu mwingine, neno lake mwenyewe alilolilea moyoni, na lilimnukia vibaya.

Jolie alipiga magoti, akafuata waya kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Karibu na ncha vidole vikasimama. Akalivuta ganda, likateleza likatoka. Akaziona nyuzi zilivyokatwa sawasawa kwa wembe. Akaligeuza ganda kwenye mwanga wa dirisha, na pale kwenye ukingo palikuwa na kiulimi kidogo cha plastiki.

Akalifungia lile ganda ndani ya ngumi. Halafu akainua uso kumtazama mumewe, na hakumtazama machoni. Alimtazama mdomoni. Jean-Marie akafumba midomo yake, akayafunika yale meno yake mazuri, na akajua kwamba imekwisha.

"Jean-Marie!" Papa Gracien akaita, maskini, alitaka tu kusaidia. "Weye unajua kumenya waya na meno. Saidia mukeo basi!"

"Hapana," Jolie akasema. "Leteni kisu."

Kisu kikaletwa kutoka jikoni. Alikata ile ncha mbovu, akamenya upya. Thierry alikuwa amesimama.

"Mama Chance, waya ule tuliupima sisi wawili. Haukuwa na kitu. Acha niangalie—"

"Kaa chini, Thierry. Ni minye nimekosea." Akageukia watu wote, na alisema kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Sikuusikiliza muzuri. Sikio langu lilinidanganya. Thierry hana kosa, na musimuseme. Mara ingine mutafute muntu mwingine wa kuwachagulia."

Kwaya ikarudi kuimba. Lakini Mama Domitille alikuwa amegeukia ukutani, uchovu umemshika, na watu wakaanza kuaga mmoja mmoja. Papa Gracien alimshukuru Jolie kwa maneno mafupi, yale ya kumshukuru mtu ambaye hutamwita tena.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Jolie mbele, mumewe nyuma. Jean-Marie alingoja afokewe. Alitamani afokewe! Walipofika sebuleni hakuvumilia.

"Sema basi. Nitukane. Nilikuwa na wivu, Jolie, wivu uliniua. Sikujua ni mama yako."

"Hukuuliza."

"Nitaenda kwa Papa Gracien. Nitawaambia bote ni minye."

"Ukawaambie nini? Kwamba bibi yako ulimuonea wivu na kinu?" Jolie alifungua ngumi, akaweka kile kiganda mezani kati yao. "Usifikiri nilikuficha weye. Nilimufichia Chance baba yake. Hapa Songo mutoto anaitwa kwa matendo ya wazazi, na ninataka aende shule kichwa juu."

"Nisamehe."

"Siku ile Katogota," Jolie akasema, "niliona muntu niliyemwambia bafle inakohoa, akasimamisha harusi nzima akasikiliza. Nikasema, huyu ananisikia. Ni hiyo tu iliyonitoa kwetu, Jean-Marie. Hukuwa na kitu kingine."

Akaenda jikoni, na hakulizungumza tena jambo hilo, si siku ile wala siku nyingine. Hakurudi butiki. Thierry alituma watu, akaja mwenyewe na mwanamke wa kanisa ili asilete maneno. Jolie aliwapa chai na kuwaambia ana kazi nyingi nyumbani. Mjini watu wakarudi kununua waya kwa macho, na wengi wakauziwa chuma. Alasiri Jolie alikuwa anaenda kwa Mama Domitille na flashi yake shingoni, mlango wanaufunga, na wanakaa huko mpaka saa ya kupika.

Jean-Marie alikuwa amepata alichokitaka. Mke yuko nyumbani, jina la Thierry halitajwi. Na bado wivu haukumtoka. Alijikuta akimwonea wivu mama mzee asiyeweza hata kuketi.

Alijaribu. Tusimnyime haki yake, alijaribu kweli. Alivuka mpaka mwenyewe akatafuta waya Bujumbura, akakwaruza kwa ukucha kama alivyoona, akapitisha sumaku, akakataa mingi kabla ya kukubali mmoja. Alinunua kisu. Akamwomba mkewe flashi, na Jolie akamnakilia wimbo bila ubishi. Jioni baada ya jioni aliketi mbele ya bafle zake na kichwa ameinamisha upande, anasogeza hiki, anakaza kile, na Jolie yuko pale mlangoni anachambua maharagwe. Du, du, anasikia. Kesho yake du, du.

Halafu jioni moja akakisikia. Alikisikia kweli! Majani mabichi yakaushika mchi, yakauachia, na katikati ya kuushika na kuuachia palikuwa na kipumziko kidogo, kama mtu anayevuta pumzi ili aendelee na wimbo. Jean-Marie aliruka kutoka kwenye kiti, nywele zimemsimama, machozi yako karibu.

"Jolie! Jolie, nimemusikia! Anapumua! Mama yako iko anapumua kabla ya kutwanga, ulishasikia hiyo? Kuya usikilize! Inasikika namna gani hapo ulipo?"

Jolie hakuinua kichwa. Akatoa kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa uani.

"Iko muzuri," akasema.